Burboni Niliyopeleka Ukweni

Sasa naweza kucheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Kaloleni ipasuke inimeze, na kama si shangazi wa mke wangu Dama kuisimulia habari hii kwenye kila harusi anayoalikwa (tena kwa kuitia chumvi, maana anasema nilitapika, na mimi sikutapika, nilipaliwa tu), ningeondoka nayo duniani bila kumwambia mtu. Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe. Mimi Karisa, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, muuza rangi hapa Kilifi, nilimwagia baba mkwe wangu pombe kifuani siku ya kwanza ya posa.

Nianze na hiyo pombe yenyewe. Burboni, kama huijui, ni wiski ya Wamarekani inayotengenezwa kwa mahindi na kulazwa miaka kwenye mapipa ya mbao yaliyochomwa ndani. Niliijua kupitia rafiki yangu Safari, aliyefanya kazi miaka sita kwenye meli za watalii akarudi nyumbani na tabia ya kuinusa glasi kabla ya kunywa. Kila Jumamosi jioni tulikutana kwake Mnarani, wanaume wanne, Safari anafungua chupa anasema hii ndiyo inayopendwa Marekani nzima, hii nyingine watu wanaipangia foleni, na sisi tunanusa.

"Mnasikia vanila?"

"Twaisikia."

"Na karameli je?"

"Ipo, ipo."

Mimi mwenzenu nilikuwa nasikia vanishi. Nauza vanishi kila siku ya Mungu, siwezi kukosea. Ile maarufu ya kwanza ilinuka vanishi, ya pili ilinuka vanishi iliyotiwa sukari, na ya tatu, ambayo Safari aliapa hajaona binadamu asiyeipenda, iliniunguza koo mpaka masikio yakawaka. Lakini ningesemaje? Wenzangu wote wamefumba macho kwa raha, mimi niwe wa kukunja uso kama mtoto aliyenyweshwa mwarobaini? Nikafumba macho na mimi, nikasema "laini sana hii," na mwaka mzima nikaendelea kusema laini.

Mambo yangeishia hapo isingekuwa neno. Ila Dama, mchumba wangu, mwalimu wa chekechea, alinisikia nikiisifu ile ya tatu kwenye simu, akajinyima miezi miwili, na siku yangu ya kuzaliwa akanikabidhi chupa nzima iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Nilimkumbatia nikamwambia umenijulia. Kisha nikawa naipunguza kidogo kidogo kwa kuimimina kwenye sinki, ili kila akija kunitembelea aone naifaidi. (Mnaguna? Guneni, nastahili.)

Ikaja siku ya kwenda kwao. Kwetu Wagiriama huendi kuposa mikono mitupu, unakwenda na mnazi, yaani tembo la mnazi, nao wenyewe uwe umegemwa asubuhi hiyo hiyo, kwa maana pasipo mnazi hakuna mazungumzo. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo Kaingu, mtu wa mila kutoka utosini hadi unyayoni, na alinipigia simu mara tatu wiki ile kuniuliza mnazi umepatikana. Kila mara nilimjibu, "Baba mdogo, upande wa kinywaji niachie mimi."

Na kweli nilikuwa nimeshaongea na mgema. Lakini Ijumaa, nikiwa dukani nachanganya rangi ya mteja, shetani akanijia na hoja: Kaloleni ndiko kwenye minazi, kila nyumba ina mnazi wake na mgema wake, sasa mimi kuwapelekea mnazi si sawa na kupeleka chumvi Gongoni inakotengenezwa? Kwa nini nisiende na kitu ambacho ukoo ule haujawahi kukiona, wanikumbuke? Nikamwambia mgema aniwie radhi, nikaenda nikanunua chupa mbili za ile burboni ya tatu, ile ambayo hajazaliwa asiyeipenda. Hapo ndipo ujinga wangu unaponishangaza mpaka leo. Haikunipitikia hata kidogo kwamba asiyeipenda alishazaliwa, naye ni mimi. Nilijiambia tu kwamba watakaokunywa ni wao.

Jumamosi saa nne asubuhi tulishaketi kwenye baraza ya Mzee Ngala, babake Dama, sisi upande huu na wazee wanne wa kwao upande ule, yeye katikati amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Kando yake aliketi dadake, shangazi Kadzo, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuchunguza. Tulishika miguu, tukaitikiwa marahaba, tukaulizwa habari za Kilifi na za mvua, na baba mdogo akafungua kinywa kwa Kiswahili chake cha kupendeza, akamaliza kwa kusema, "Na sisi hatukuja mikono mitupu. Karisa, lete mnazi tuanze."

Nikaleta katoni kutoka garini. Nikazitoa chupa mbili, nikazisimamisha mezani, jua likazipiga zikang'aa.

"Mnazi uko wapi?" baba mdogo aliniuliza, midomo haitikisiki.

"Hii ni zaidi ya mnazi, baba mdogo."

Nadhani angekuwa na fimbo ningepigwa pale pale. Shangazi Kadzo akainyanyua chupa moja akaigeuza huku na huku.

"Hiki chatoka mti gani?"

"Si mti, shangazi. Ni cha mahindi."

"Matsere?"

"Ndiyo, shangazi, matsere."

"Matsere sisi twasonga sima. Hao wayanywa, hawana meno?"

Wazee wakacheka, nami nikaona lazima nikiokoe kinywaji changu, nikasema maneno ambayo hakuna aliyeniomba niyaseme. "Ni kinywaji cha heshima, wazee wangu, maarufu dunia nzima. Mimi mwenyewe sina kingine, hiki ndicho changu."

"Kweli baba, anakipenda sana," Dama akadakia kutoka mlango wa jikoni, uso umemjaa fahari.

Mzee Ngala akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi vyema. Mleta huonja."

Hii mila naijua tangu sijavaa suruali ndefu. Anayeleta kinywaji hukinywa kwanza mbele ya wenyeji, waone hakina sumu wala nia mbaya, na akishakinywa vizuri ndipo mazungumzo yanaanza. Kikimshinda, hakuna mazungumzo, mnarudi mlikotoka. Sijui ni kwa nini nilidhani inahusu mnazi peke yake.

Shangazi Kadzo akafungua chupa, akanusa, akapiga chafya, kisha akanimiminia kwenye kikombe cha bati jinsi wanavyomimina mnazi, yaani mpaka juu.

"Shangazi, hii hunywewa kidogo tu."

"Kidogo kwa nini? Una wasiwasi nayo?"

Baba mdogo alinikanyaga mguu. Nikakipokea kikombe kwa mikono miwili, nikapiga bismillahi ingawa mimi ni Mkristo, nikanywa. Funda la kwanza lilishuka, sikatai. La pili likakwama mdomoni likawa linauzunguka ulimi, na macho yote ya baraza yako usoni kwangu, nami najitahidi kutabasamu mashavu yakiwa yamejaa. Nikaona dawa ni kuongeza la tatu lilisukume la pili. Wallahi sijui nani alinifunza hesabu hiyo, kwa sababu yalipokutana kooni yote yaligeuza njia, yakatoka kwa mdomo na kwa pua, na Mzee Ngala alikuwa ameketi mbele yangu kabisa.

Shati lile jeupe liligeuka rangi ya chai kuanzia kola hadi kifungo cha tatu. Mimi nakohoa, machozi yananitoka, napapasa meza kutafuta kitambaa, nikaiangusha chupa ya pili ikamwagikia viatu vya baba mdogo. Mzee mmoja wa upande wao akachukua mkongojo wake akasimama.

"Kinywaji kimemkataa mwenyewe," alisema. "Hapa hapana maneno tena. Twende zetu."

Dama akaja mbio akanipiga mgongoni. "Amepaliwa tu! Yeye huinywa, jamani, hata ile niliyomnunulia ameimaliza!"

Mzee Ngala alijipangusa kifua kwa leso ya dadake bila haraka yoyote, kisha akanitazama.

"Karisa, nijibu moja tu. Hiki kitu wewe wakipenda?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningesema nimepaliwa, basi, Dama alishanitengenezea uongo wote, ilibaki mimi kuutia sahihi. Lakini nilimwona alivyosimama pale akinitetea mbele ya ukoo wake kwa kitu ambacho hakikuwapo, nikaona aibu iliyopita ile ya kumwaga.

"Sikipendi, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Wenzangu walikisifu, nami nikaona haya kusema."

Mkono wa Dama ukaondoka mgongoni kwangu. "Hata ile yangu?"

"Hata ile."

"Sasa nani aliyeimaliza?"

"Sinki."

Mzee mmoja alicheka akajizuia. Dama hakucheka. Macho yalimjaa maji, na mimi hapo ndipo nilipoelewa kwamba ningeweza kumpoteza, si kwa mila wala kwa shati, bali kwa miezi ile miwili aliyojinyima. Babake aliyaona machozi yale. Akavuta kiti chake mbele, mpaka harufu ya vanishi kutoka kifuani kwake ikanifikia.

"Wenzako walikisifu, nawe ukakisifu. Walikipenda, nawe ukajidai kukipenda. Na binti yangu je? Naye wamekusifia?"

Swali lile sikuwa nimejiandaa nalo, kwa hiyo jibu lilinitoka likiwa bichi.

"La, mzee. Yeye hawakumsifu hata kidogo."

Baba mdogo akashika kichwa. Mzee Ngala hakupepesa macho. "Walisemaje?"

"Walisema ana hasira. Walisema atanipanga mstari kama anavyowapanga watoto wa chekechea. Waliniambia nimwache."

"Nawe?"

"Niligombana nao. Mwaka mzima nimewaitikia kila kitu, mzee, vanila nimeitikia, karameli nimeitikia. Hilo peke yake ndilo sikuitikia."

Dama akajipangusa macho kwa mkono akauliza, "Nani alisema mimi nina hasira?" na aliuliza kwa hasira kiasi kwamba baraza nzima ilivunjika mbavu, hata yule mzee wa mkongojo alirudi akaketi ili acheke vizuri.

Hatukuozwa siku ile, msidhani. Mila ni mila. Tuliambiwa twende, turudi baada ya wiki mbili na mnazi, na shangazi Kadzo akaibakisha ile chupa iliyofunguliwa akisema atajichulia magoti. Njiani baba mdogo, viatu vinanuka, hakunena nami mpaka Mavueni, na alipofungua kinywa aliniuliza tu kama mnazi ulikuwa umeadimika. Tuliporudi niliuonja mnazi, nikaunywa, nikaomba kuongezwa, na mazungumzo yakaanza.

Safari nilimwambia ukweli Jumamosi iliyofuata. Alisikitika, akaniambia ulimi wangu bado haujakomaa. Huenda. Burboni siilaumu, wapo wanaoipenda kwa dhati na yeye ni mmoja wao, ila mimi nimeapa sitasema tena kitu kitamu kwa sababu jirani kalamba vidole.

Kiapo nimekishika, lakini gharama yake niliendelea kuilipa. Tumeoana sasa mwaka wa pili, na kwa miezi mingi kila nilipomwambia Dama chakula kitamu aliweka kijiko chini akanitazama: "Kitamu kweli, au kitamu cha burboni?" Naapa, nasema kweli, haamini, anakwenda kulala na wasiwasi wake. Mpaka mchana mmoja akapika kunde za nazi, akanipakulia, akakaa kunisubiri. Nikaonja. Nikafikiria maisha yangu. Nikasema, "Mke wangu, chumvi imezidi."

Alichota kijiko chake akaonja. "Kweli imezidi," akasema, akanisogezea ndizi za jana. "Hizi je?"

"Hizi tamu."

Naye akanitazama, akala, hakuniuliza tena.