Dobi Aliyekatazwa Kuosha

Wateja walimwita Takasa, na hakulichukia jina hilo. Alikuwa dobi mwenye duka lake, kati ya duka la vioo na ofisi ya bima, na kwa miaka mingi halikutoka shati mlangoni kwake likiwa na doa. Hilo ni la kusifiwa. Lisilosifika ni kwamba hakujua pa kuishia. Alifua mapazia ya jirani bila kuombwa. Akienda kumjulia hali mgonjwa, macho yake yalifikia kwenye foronya kwanza, kisha ndipo yakamfikia mgonjwa. Kwenye harusi ya mpwa wake aliondoka na kitambaa cha meza kwapani, kwa sababu mtu alikuwa amekimwagia mchuzi, naye hakuweza kula huku akiutazama.

Daktari alipompima presha na kumshauri atafute kitu cha kutazama tu, bila kukifanyia kazi, mkewe alicheka hadi akashika ukuta.

"Daktari hakujui," alisema. "Wewe huwezi kukiacha kitu kama kilivyo hata ukifungwa mikono."

"Naweza."

"Huwezi, Baba Watoto."

"Nimesema naweza, Mama Watoto."

Huyu Mama Watoto ndiye aliyepokea nguo kaunta. Kabla mteja hajamaliza kueleza doa lilivyompata, yeye ameshajua dawa yake. Lakini ile meza ya madoa iliyokuwa nyuma ya duka, yenye chupa zake na brashi zake, mumewe hakumruhusu mtu kuigusa, hata yeye. "Meza hii ina mwenyewe," alizoea kusema. Mama Watoto alianza kuitamani watoto wao wakiwa shule ya msingi. Sasa watoto hao wana watoto wao, na bado alikuwa akiitazama kwa mbali.

Kwa hiyo alipoona mwanya, aliuingia. Katika chumba cha kusubiri cha daktari wa meno aliwahi kuona tangi la kioo lenye kamba wadogo wekundu, wadogo kuliko kucha ya kidole gumba, wa aina inayoishi katika maji yasiyo na chumvi. Aliambiwa wanakula ukijani unaoota kwenye kioo. Ukijani! Akamwita mpiga pasi wao, mwanamume mnene wa makamo aliyeitwa Kola kwa jinsi alivyozinyoosha kola za watu, awe shahidi, kisha akataja masharti. Takasa afuge kamba hao palepale dukani, dirishani. Wakizaa bila yeye kuosha chochote kilichomo ndani ya tangi, mkewe hataitaja tena meza ya madoa maisha yake yote. Akiosha, meza inakuwa ya mkewe siku hiyohiyo.

"Na nje ya tangi?" Takasa aliuliza.

"Nje osha mpaka kioo kiishe."

"Kola, umesikia?"

"Nimesikia, bosi. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Natanguliza tu."

Muuza samaki wa mapambo alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini kama aliye maktaba. Takasa alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli la kioo la mviringo.

"Nipe hili. Halina pembe. Uchafu hauna pa kujificha."

"Mzee wangu, kamba ndio wanaotaka pa kujificha. Chukua hili refu. Maji yakiwa mengi hayabadiliki ghafla. Kwenye bakuli, kosa dogo tu linawamaliza wote."

Alichukua lile refu. Alichukua pia changarawe nyeusi ili wekundu wa kamba uonekane, kipande cha gogo, fungu la majani ya majini laini kama nywele, na pampu ndogo ya hewa inayoyavuta maji yapite ndani ya sponji. Kuhusu sponji hiyo, muuzaji aliinua sauti kwa mara ya kwanza.

"Itakuwa nyeusi. Iache. Humo ndimo wanamoishi vijidudu wanaokula kinyesi cha kamba. Isiguse sabuni kamwe. Na kamba usiwachukue leo. Jaza maji, washa pampu, subiri wiki kadhaa mpaka hao vijidudu waenee."

"Yaani unaniuzia uchafu, kisha unanituma nikausubiri uongezeke?"

"Hujakosea hata neno, mzee."

Changarawe mpya iliruhusiwa kusuuzwa kabla ya kuingia tangini, na Takasa aliitumia ruhusa hiyo vibaya. Aliisuuza tangu kufungua duka hadi mchana, mpaka Kola akauliza kama ikikauka ipigwe na pasi. Maji hayakuchotwa kwenye boila yao ya zamani, kwa sababu mabomba yake ni ya shaba na shaba huwaua kamba. Yalikingwa bombani na kuachwa kwenye ndoo wazi hadi dawa ya kusafishia maji iishe. Kisha pampu ikawashwa, mapovu yakaanza kupanda, na duka zima likasubiri.

"Kamba wako wapi?" wapita njia waliuliza.

"Wanakuja."

"Kwa miguu?"

Kioo kikaanza kuota kijani kwa ndani. Takasa alikisugua kwa nje. Alisugua meza iliyobeba tangi, na miguu ya meza, na sakafu chini ya miguu ya meza. Alifua kitambaa alichofutia kioo. Asubuhi moja alikuta kando ya tangi brashi mpya, nyeupe, ingali ndani ya karatasi yake.

"Hii ya nini?"

"Mapambo," Mama Watoto alijibu, akiendelea kukunja mashuka.

Ni lazima isemwe kwamba Mama Watoto hakuvunja sharti lolote. Hakuligusa tangi wala kitu kilichomo. Mtu anaweza kusema kwamba kumwekea mumeo brashi mpya chini ya pua si tabia ya mke mwema, na mtu huyo atakuwa na haki. Lakini hata mume aliyeishikilia meza moja miaka yote hiyo hakuwa mume mwema sana.

Kamba walipoletwa, jambo lisilotarajiwa likatokea: Takasa aliwapenda. Alivuta kiti, akakaa, akawatazama wakichukua ukijani kwa mikono yao midogo na kuutia mdomoni, mkono huu, mkono ule, bila kupumzika. Aliona ni wafanyakazi hodari. Majani yalitanda, sponji ikawa nyeusi kama lami, naye akavumilia. Mama Watoto akaacha kucheka. Baadaye mmoja wa majike akaonyesha alama ya njano mgongoni, na muuza samaki akasema hiyo ni dalili kwamba mayai yako karibu. Takasa alipita mbele ya mkewe akiimba. Aliimba wimbo usio na maneno, lakini ulieleweka.

Ndipo akaingia mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke wa suti nyeupe, mteja wao wa siku nyingi. Aliinama, akatazama tangi.

"Hicho cheusi pale kwenye kona ni nini?"

"Sponji, mwalimu."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako," alisema mwalimu mkuu. Akachukua risiti yake akaenda.

Neno hilo moja halikumtoka Takasa kichwani. Jumapili, duka likiwa limefungwa, alimwambia mkewe anakwenda kuangalia bomba linalovuja. Hakuna bomba lililovuja. Alijifungia dukani, akaitoa sponji, na kwa maji ya moto, sabuni ya unga, sabuni ya limau na ile brashi ya mapambo, akaifua. Aliifua jinsi alivyofua siku zote, yaani vizuri kuliko mtu yeyote. Akairudisha mahali pake na kwenda nyumbani akiwa amepumua.

Jumatatu, kamba walikuwa wamepanda juu ya majani hadi usawa wa maji, wamebanana kama watu wanaokimbia mafuriko. Watatu walikuwa wamelala chali juu ya changarawe. Mama Watoto alitazama kamba, kisha akaitazama sponji. Ilikuwa nyeupe kama shuka la hoteli.

"Baba Watoto. Hii sponji imekuwaje?"

"Kamba wameilamba."

"Wameilamba."

"Wana bidii sana hao."

Mama Watoto aliinama juu ya maji, akanusa. "Na wameilamba kwa limau?"

Takasa alianza kupanga upya hanga za nguo. Kola akaja na pasi yake mkononi, akachungulia. "Bosi, mimi siwezi kung'arisha hivi. Mama hawezi hivi. Hawa viumbe wenyewe unawaona hali yao."

"Labda kuna mtu aliingia jana," Takasa alisema.

Hapo mkewe angeweza kugombana. Hakugombana. Aliikodolea macho sponji kwa muda, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Kweli, nimekuonea. Si kazi yako hii. Tazama upande wa chini, Kola, kuna kijivu kimebaki. Huyu ni mtu aliyejifunza kufua juzi."

"Kijivu kiko wapi?"

"Pale, chini. Kazi ya kubabaisha."

"Kiko wapi!" Takasa aliruka kutoka kwenye hanga. "Kijivu kiko wapi? Nimeipitisha sabuni mara mbili, nimeisuuza mpaka maji yakawa..."

Pampu iliendelea kutoa mapovu, na sasa yalikuwa mapovu mengi kuliko kawaida, ya sabuni.

"Nipishe," alisema Mama Watoto, akaenda nyuma ya duka kuvaa aproni.

Uongo ule ulikuwa mbaya kuliko kufua, na Takasa alilijua hilo, kwa sababu hakujitetea tena. Aliitoa sponji, akapunguza maji, akaongeza yale yaliyopumzishwa kwenye ndoo, kidogokidogo, kama alivyofundishwa, kisha akakimbilia kwa muuza samaki. Yule bwana hakumkaripia. Alitoa sponji kuukuu kutoka kwenye tangi lake mwenyewe, inayochuruzika tope, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Takasa alirudi nayo barabarani akiwa ameushika mfuko mbali na mwili wake. Mbele ya ofisi ya bima karani mmoja alimuuliza amebeba nini.

"Uchafu," alijibu. "Tena wa kuazima. Nipishe."

Kamba wengi walipona, lile jike la alama ya njano likiwamo. Meza ya madoa ikabadilisha mpangilio: chupa ndogo mbele, kubwa nyuma, brashi zote zikitazama upande mmoja. Siku za kwanza Takasa alipita karibu akikohoa. "Usisugue, gongagonga," alinong'ona mara moja. "Baba Watoto, kaa kwenye kiti chako," alijibiwa. Suti ya mwalimu mkuu ilirudi kwake bila doa, na mwalimu mkuu hakugundua chochote. Takasa aliichunguza yote kwa kioo cha kukuzia kabla haijatoka, mfuko kwa mfuko, akakuta hana la kusema. Hilo lilimuuma siku nzima.

Mchana mmoja duka lina wateja, Takasa aliinuka kitini ghafla.

"Mama Watoto! Njoo! Njoo upesi! Ana mayai chini ya mkia, amejaa! Anayapepea kwa miguu!"

Hakuwa na cha kushinda tena, na kila mtu dukani alijua. Mama Watoto aliacha shati lenye wino, akaja mbio, mikono mbele, imejaa povu hadi viwikoni, akainama juu ya tangi.

"Mikono!" Takasa alipiga kelele, akijitupa kati yake na kioo. "Mikono yako ina sabuni! Rudi! Rudi nyuma!"

Mkewe alisimama katikati ya duka, mikono juu, povu likimdondokea mabegani.

"Bosi," alisema Kola, "wateja wanasikia dobi anafukuza sabuni."

"Wasikie," alisema Takasa. Kisha, bila kuondoka mahali alipojikinga, akamsogezea mkewe kiti kwa mguu. "Kaa hapo. Ukikaa hapo unamwona vizuri."