Paka Aliyemfuata Mama-Mkwe

Paka tulimtafuta kwa ajili ya panya, na panya walikuja kwa ajili ya maharagi. Maharagi yalikuwa ya mume wangu, Munande kwa kabila, kutoka Butembo kama mimi, aliyeamini kwamba hata vita vikipamba moto watu watakula tu. Kwa hiyo alifungua butiki, duka dogo la vyakula, pale kijijini Nyabiondo, akajaza magunia hadi chumbani kwa mama yake. Paka akaletwa. Mimi ndiye niliyemlisha, mimi ndiye niliyemtoa viroboto, mimi ndiye niliyemtetea siku alipoiba makayabo ya mteja, samaki mzima wa chumvi, akamburuta hadi chini ya kitanda. Baada ya wema wote huo akachagua kumfuata mama-mkwe.

Na si kufuata kwa mchezo. Mama-mkwe akienda jikoni, paka yuko jikoni. Akienda butiki, paka yuko juu ya magunia. Akienda chooni, paka anakaa mlangoni kama askari wa zamu mpaka Mama amalize shughuli zake. Mama mwenyewe alikuwa mjane mwenye mdomo mkali, hata vijana wa pikipiki walishusha sauti wakipita mbele yake. Lakini na yule paka alizungumza kutwa nzima: bei ya chumvi, dhambi za majirani, maumivu ya magoti. Mimi nilikuwa napata "lete maji".

Niseme ukweli, niliona wivu. Mtu mzima, mama wa watoto, naona wivu kwa sababu ya paka.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mume wangu alisema ni harufu ya makayabo, kwamba mama yake anayashika kutwa na paka anafuata harufu. Sawa, lakini na mimi niliyashika kutwa, na harufu yangu haikumvuta mtu yeyote, hata mume mwenyewe. Tulikuwa pia na mwindaji kutoka Walikale, aliyekimbia kwao na mke wake, tukawapa jiko la nyuma walale. Huyo hakupenda maneno mengi. Alisema, "Mbwa inafuata muntu. Paka inafuata kitu. Mutafute kitu." Akaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Akina mama wa kikundi cha maombi walikuwa na maelezo mafupi kuliko yote. Paka anayemfuata mwanamke mzee, walisema, si paka.

Hilo halikuwa jambo la kucheka. Miaka ile kila baya lilitafutiwa mwenyewe. Mvua ya mawe ikipiga mashamba, mtoto akishikwa na homa, wenye bunduki wakichukua mbuzi wa huyu na kuacha wa yule, lazima mtu aulizwe. Mwanamke mzee akishasemwa vibaya alifukuzwa na kikapu chake, na barabara za wakati ule hazikuwa za kumfukuzia mtu.

Nieleze na habari ya kinu. Nyabiondo iko katikati ya vilima, na waliokaa juu ndio waliowaona kwanza wenye bunduki wakija. Kupiga kelele ilikuwa hatari, kwa sababu anayekuja naye ana masikio. Kwa hiyo mama wa nyumba ya juu alichukua kinu kitupu na kutwanga. Kinu chenye sombe, yale majani ya mihogo, kina sauti nzito, ya kushiba. Kinu kitupu kinalia kikavu, na mgeni hajui tofauti, anadhani wanawake wanapika. Kila nyumba iliyosikia ilitwanga kidogo ili nyumba ya chini isikie, kisha watu wanatoka kwa mlango wa nyuma kwenda bondeni, kwenye mikaratusi, ng'ambo ya kijito. Hakuna kuitana, hakuna kungojana. Kila mtu na masikio yake.

Ulikuwa utaratibu mzuri na ulituokoa mara nyingi. Mara moja haukumwokoa mzee jirani yetu, ambaye masikio yalikuwa yamemwisha. Tulimwacha ameketi mbele ya nyumba yake akichambua maharagi, kila mmoja akidhani mwingine amemshika mkono. Tuliporudi tulikuta ungo wake. Yeye hatukumwona tena.

Basi, asubuhi moja nilikuwa jikoni nyuma ya mama-mkwe, mfuniko wa sufuria ukaniponyoka ukaanguka juu ya jiwe. Mimi mwenyewe nilishtuka. Mama hakutikisika. Paka ndiye aliyeruka, akasimamisha masikio upande wangu. Mama akamtazama paka, ndipo akageuka. "Unavunja vyombo yangu?" akauliza.

Nilikaa na jambo hilo mpaka paka akalala. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, nikasema mgongoni kwake: "Mama, sombe yako ya jana haikuwa na chumvi, na mafuta uliyaonea huruma." Katika nyumba ile, mke wa mtoto angesema maneno hayo angefunga mizigo yake kurudi Butembo siku hiyohiyo. Mama aliendelea kupuliza moto. Nikaongeza, "Na ile ya juzi pia."

Akaongeza ukuni mwingine.

Nikazunguka, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mama, hausikie." Hakunitazama machoni. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Halafu akafungua fundo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga, pembe ile ambayo wamama wanafungia vitu vyao, na ndani mlikuwa na sambaza kavu, wale samaki wadogo wanaopandishwa kutoka ziwani, upande wa Kirotshe.

"Njo masikio yangu hii," akasema, akimwonyesha paka kwa kidole. "Paka inasikia mbele ya watu wote. Ikisimamisha masikio, ninaangalia. Ikitoka, ninatoka."

"Kwa nini haukuambia mutoto wako?"

"Atanituma Butembo, kwa dada yake, nikae huko kama mugeni. Ao atasema atanishika mukono siku ya kukimbia. Ule muzee, hawakusema watamushika mukono?"

Nikamwambia kwamba wamama wa maombi wanamsema, na jina wanalompa ni uchawi. Mama akacheka, kicheko kikavu, akamtupia paka samaki mmoja.

"Aka! Acha waseme. Muchawi watu wanamuogopa. Kiziwi watu wanamuacha."

Sikulala vizuri majuma kadhaa baada ya hapo. Kuanzia siku ile nilichota sambaza kwenye gunia la butiki bila kumwambia mume wangu. Yeye aliona gunia linapungua, akawalaumu panya, akasema paka huyu ni mvivu.

Jumapili moja baada ya misa wamama wa maombi wakaja. Mbele yao alikuwa mama mkuu wa kikundi, ambaye sisi wote tulimwita Mama Prezidante, mwanamke mnene, mwema kwa wagonjwa, na ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo alizungumza akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Nikaona kiganja kile nikajua tumekwisha.

"Mama," akauliza kwa upole nyuma ya mkono wake, "hii paka ulipewa na nani?"

Mama-mkwe akatabasamu. "Magoti tu," akasema. "Lakini inapungua."

Wakatazamana. "Inakufuata sababu gani?"

"Asante, na weye vilevile."

Mmoja wao akajifanyia ishara ya msalaba. Mama Prezidante akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema. Nikasimama, nikawaambia mama-mkwe ana homa na wasimsumbue, kwamba hakuna siri yoyote, paka anafuata samaki. Hawakuniamini. Wakwe, walisema, siku zote wanafichiana.

Basi nikaingia butiki, nikafunga sambaza kwenye kipande cha karatasi, nikampa Mama Prezidante kwa mikono miwili kama zawadi. Mkristo hakatai zawadi. Akaitia katika kikwembe chake, akashukuru, akaanza sala. Hakufika kwenye amina. Paka aliondoka miguuni pa mama-mkwe, akanyoosha mgongo, akaenda kukaa miguuni pa Mama Prezidante. Akasogea, paka akasogea. Akatoka uani, paka nyuma yake. Akazunguka banda la kuku huku akiomba kwa sauti, akiongeza mwendo, na paka naye anaongeza mwendo, mkia juu. Wamama wenzake walisimama mlangoni wakimwangalia mkuu wao anavyofuatwa.

Mwindaji, aliyekuwa amekaa uani, hakuinua hata macho. "Nilisema mutafute kitu," akasema.

Mkutano ulikwisha hapo. Huwezi kuendesha kesi ya uchawi huku unafuatwa na paka. Mama Prezidante aliirudisha karatasi, akasema samaki ana chumvi nyingi kwa mtu wa umri wake, wakaondoka. Mimi nilikuwa nacheka hadi nashika ukuta. Kisha nikamtazama mama-mkwe. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, macho mlangoni, uso wa mtu aliyeachwa gizani. Muda wote paka alipokuwa uani, yeye hakuwa na masikio. Kicheko kikaniisha.

Baadaye barabara ya kushuka ziwani ikafungwa, na ya Walikale nayo. Mume wangu alikuwa amekwenda Walikale na mizigo na hakuweza kurudi. Sambaza zikaisha, makayabo yakaisha, hata vumbi la samaki lililobaki chini ya gunia likaisha. Mama akafungua fundo lake, akalikung'uta, akalifunga tena tupu.

"Sasa itaniacha," akasema.

Nilijaribu kila kitu. Nilimpa paka bugali, akainusa akaondoka. Nilimpa maharagi, akanitazama kama nimemtukana. Alijitafutia panya, na panya hawakukosekana. Kwa maelezo yangu yote, na ya mwindaji, hakuwa na sababu tena ya kumfuata mtu. Akaendelea kufuata. Jikoni, butiki, choo. Mama akizungumza naye, yeye anafumba macho. Mpaka leo watu wakiniuliza kwa nini paka anamfuata mwenyewe nyumbani, nawaambia ni samaki, kisha samaki zinaisha, kisha sijui. Labda alizoea ile sauti. Labda katika nyumba nzima Mama ndiye aliyekuwa na la kumwambia.

Kinu kilipolia ilikuwa mchana, mimi niko shambani na watoto tunang'oa maharagi, Mama amebaki kulinda butiki. Kililia juu, kikashika nyumba ya pili, kikashuka. Kati yetu na nyumba kulikuwa na njia kubwa, na kwenye njia tayari kulikuwa na watu wanaoshuka na bunduki. Nilisimama na mtoto mgongoni. Niliwaza ungo wa yule mzee. Mwindaji na mke wake walikuwa wametoka kutafuta kuni, hakuna wa kumshika Mama mkono, na hata kama yupo, atadhani kuna mwingine. Nikajiambia paka amelala, mchana huu wa joto lazima amelala. Watoto wakanivuta. Tukashuka kupitia mihogo, tumeinama, nami nalia wazi bila haya.

Tuliingia bondeni wa mwisho. Watu walikuwa wameketi kimya chini ya mikaratusi, Mama Prezidante na kikundi chake chote, na nyuso zao zote zikanigeukia. Nikafungua mdomo kusema kwamba Mama amebaki.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, mbele ya wote, pumzi imetulia, maana yake alifika kitambo. Paka alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa kikwembe kama mtoto mchanga, kichwa kimetokeza begani. Nilijitupa mbele yake nikashika magoti yake.

Kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa mahali pale, watu wote wakisikia, alinigombeza.

"Unakawia namna gani? Kinu inalia, inalia, na weye uko shambani na watoto! Masikio yako iko na nini? Weye iko kiziwi?"

Wamama walinitazama kwa lawama. Mama Prezidante akatikisa kichwa.

Nikainua uso wangu ili auone vizuri, nikatamka polepole, neno kwa neno.

"Unisamehe, Mama. Sikusikia."

Alitazama midomo yangu mpaka nikamaliza. Kisha akasogea kidogo juu ya lile jiwe, akaniambia nikae.