Njugumawe kwenye Sahani ya Kokuhirwa

Miaka ile ya Mwingereza, msimu wa kuchuma kahawa ulipofika Kashozi, akina mama waliwaacha watoto wao uani kwa Felicitas, mjane asiye na mtoto. Kila mtoto alikuja na ndizi zake zilizopikwa, zimefungwa kwenye jani la mgomba.

Felicitas alikuwa mtu wa kujiuliza hata pale wenzake walipoona hakuna la kuuliza. Mwaka huo kilichomsumbua ni Kokuhirwa, binti wa miaka miwili. Alilishwa ndizi tumbo likajaa ndi, lakini miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu, na hata akinyang'anywa kitu halii. Mbona Protase, wa umri uleule, anayemwaga nusu ya ndizi zake, anarukaruka kama mwanambuzi?

Akamchunguza Protase kutwa. Kumbe kaka zake humpenyezea senene wakavu, wale panzi wa kuliwa, naye anatafuna tu!

"Basi ni senene," akajisemea. Lakini senene ni chakula cha wanaume. Mwanamke huwakamata, huwakaanga, hawali. Akithubutu kumpa Kokuhirwa, bibi yake, mzee Verdiana, atamwondoa mtoto amrudishie ndizi zilezile, na mtoto ataisha. Je, hakuna kingine chenye nguvu ambacho mila haikukigusa?

Akakumbuka njugumawe alizolima mwenyewe kule rweya, kwenye mbuga ya nyasi. Wakubwa huzitafuna wakipiga soga. Kwa watoto walisema ni ngumu. Akazichemsha mpaka zikalegea, akazitwanga, akazichanganya na ndizi. Kokuhirwa akatema. Akatema tena. Kesho yake akameza kidogo.

Wiki zikapita, uvimbe ukashuka. Ndipo Verdiana akatokea, fimbo juu.

"Felicitas! Umemlisha mjukuu wangu senene!"

"Sijamlisha, maawe."

"Usinidanganye! Mtoto wa kike kapata wapi nguvu za kumng'ata Protase?"

"Kamng'ata?" Felicitas akauliza, uso umemchanua. "Kweli kabisa?"

"Na unacheka! Namchukua leo hii."

"Onja kwanza, waitu," Felicitas akamsihi kwa heshima.

Verdiana akanusa sahani ya mtoto, akachovya kidole. Akachovya tena. "Aa! Si njugumawe hizi? Za kutafuna kwenye maongezi?" Kidole kikarudi mara nyingine.

Kokuhirwa akaikumbatia sahani, akaangua kilio mpaka kuku wakatawanyika.

"Mchoyo huyu!" bibi akasema, akaiweka fimbo chini na kuketi. "Haya, mwachie. Mimi nipakulie pembeni."