Koo la Tufani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa daktari wa mifugo ambaye hata koti lake halijachakaa, mbali na hapa Ruhuwiko, kwenye mazizi ya farasi wa mbio nje kidogo ya Nairobi. Siku hiyo tulipanga kumpasua farasi aitwaye Tufani. Tulipofika, zizi lake lilikuwa tupu.

Ugonjwa wake ulikuwa wa koo. Akisimama hakuwa na shida, ila akikimbia alikoroma kama mtu aliyelala, kisha pumzi zikamwishia. Tulipitisha kamera nyembamba puani tukaona upande mmoja wa koo umelegea na kuziba njia ya hewa. Tiba ilikuwa kuushona ubaki wazi, na kuondoa kinyama laini kilicholegea pale ndani.

Aliyemtunza alikuwa Mzee Saidi, mtu wa Tunduru. Hakutuamini hata kidogo. Aliwahi kupeleka farasi mwingine kwenye chumba kile cha upasuaji, akarudishiwa hatamu tu. Tangu hapo alikagua kila sindano tuliyoishika, akanusa kila ndoo ya maji tuliyoigusa. Alijiuliza kwa nini mnyama anayekula vizuri akatwe koo, na nani anafaidika akifa.

Asubuhi ile nilitumwa mimi kumtafuta, kwa kuwa sote wawili tulitoka Ruvuma. Nilimkuta nyuma ya ghala la nyasi, kamba ya Tufani ameizungusha mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Mtamuua?" akauliza.

Nikamwambia hatari ipo, kama ilivyo kwa upasuaji wowote, lakini tukimwacha hivyo ataishiwa pumzi mbioni, aanguke na aliyempanda. Hakutaka maelezo zaidi. Alitaka kuwepo. Daktari mkuu alinung'unika, mwishowe akakubali. Basi Mzee Saidi alisimama mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho, macho yakifuata mikono yetu.

Tufani alipona. Alikimbia tena bila kukoroma, mwenye farasi akafurahi, nami nikadhani shaka ya yule mzee imekwisha. Kumbe sivyo. Aliniita zizini akanieleza kwamba zamani, kila akiingia asubuhi, Tufani alipaza sauti kumwita. Sasa anafungua mdomo, inatoka pumzi tu.

Nilimuuliza daktari mkuu. Akasema hilo hutokea, kwa kuwa kile kinyama tulichoondoa ndicho hutoa sauti; alilijua tangu awali, ila hakuona sababu ya kumweleza mtunza farasi. Nilirudi na jibu hilo hilo. Mzee Saidi alimpapasa Tufani shingoni.

"Ningekubali tu, binti yangu," akasema. "Lakini mngeniambia."

Aliendelea kumtunza farasi wake vilevile. Sisi hakutuamini tena, na sikuwa na la kumlaumu.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda kuanza kazi Namtumbo. Ukimkaribia ng'ombe wa mtu na kisu, utatazamwa vibaya. Usikasirike, wala usimwone mjinga. Mwache asimame karibu aone. Na usimweleze faida peke yake. Mwambie na kitakachopotea, hata kama hakuuliza, hata kama kwako ni kitu kidogo. Wewe hujui yeye anakipenda kiasi gani.

Mungu akutangulie katika kila boma utakaloingia, aitulize mikono yako, na akupe ujasiri wa kusema yote.