Simba wa Magunia Manne

"Nimesema nirudishiwe magunia yangu! Manne! Mazima! Sitaki tamasha, sitaki rege, sitaki simba. Nataka magunia!"

Bi Masizi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda lake la mkaa, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukimnyooshea kidole mdogo wake. Mtaa mzima ulimwita mdogo huyo Besi, kwa sababu ya lile gitaa lake zito linalonguruma kama tumbo lenye njaa. Besi alikuwa amechutama uani na brashi mkononi. Mbele yake magunia manne yalikuwa yameshonwa ubavu kwa ubavu yakawa pazia moja kubwa, na juu ya pazia alikuwapo mnyama mwenye rangi ya kijani, ya njano na nyekundu.

"Dada, rangi mbichi hiyo. Umemkanyaga mkia."

"Nimemkanyaga nani?"

"Simba."

Bi Masizi aliinama, akamtazama mnyama yule usoni. "Huyu ni mbuzi aliyeacha kuchana nywele."

"Ni pazia la jukwaa, dada. Jumamosi likiisha tamasha tu, nakurudishia."

"Utanirudishia nini? Nani atanunua mkaa kwenye mbuzi?"

Mtu asiyeuza mkaa anaweza kuona mama wa watu anapiga kelele kwa ajili ya takataka. Lakini lori la mkaa linapofika, dereva hashushi gunia lililojaa mpaka umpe tupu. Huna tupu, unabaki unalitazama lori likiondoka na kukuachia vumbi. Na hilo bado si lililomuuma zaidi. Tamasha lenyewe lilikuwa la kuichangia shule ya mtaa ijenge jiko jipya la matofali, lile linalokula moto kidogo, na kupanda miti kuzunguka uwanja. Shule hiyo ndiyo ilikuwa mteja wake mkubwa. Wateja wengine walinunua kwa kopo, tena kwa kunung'unika.

"Yaani," alisema, akiukung'uta mguu wenye rangi, "mdogo wangu wa tumbo moja ananishonea sanda, na kitambaa ni changu."

Besi akarudia kuupaka mkia.

Kesho yake Bi Masizi akafunga banda mapema, akanawa mpaka viwiko, akaenda kumshitaki mdogo wake kwa Mwalimu Mkuu. Njia nzima aliyapanga maneno. Yalikuwa makali, yamenyooka. Kufika ofisini akaonyeshwa kiti kidogo cha wanafunzi, akakaa, magoti yakamfika kidevuni, na maneno yote yakamtoka. Akajikuta yuko darasa la tatu tena, hajafanya hesabu.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza akibabaika kuhusu magunia na mteja anayempotea, mpaka mwisho.

"Mama, hatukufukuzi. Watoto watakula na moto utawashwa. Tunachotaka ni moto usiokata miti. Ukituletea huo, tutanunua kwako."

"Moto usiokata miti utatoka wapi, Mwalimu? Mfukoni?"

Mpishi wa shule, mwanamume mnene aliyekuwa ameegemea mlango na mwiko wake, akadakia. "Lile vumbi la mkaa unalolifagilia mtaroni kila jioni, Bi Masizi. Wenzako wanalichekecha, wanalikanda na uji, wanafinyanga madonge, wanayaanika. Yanawaka kutwa."

"Basi," alisema Mwalimu Mkuu, "chakula cha Jumamosi kipikwe kwa madonge hayo. Kikiiva, kazi ya shule ni yako. Au hujawahi kuyatengeneza?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hajawahi.

"Mimi?" alisema Bi Masizi. "Mwalimu, madonge nimeyaanza zamani, kabla hayajulikani."

Kufika getini alikwisha kujuta. Mwenyewe akisimulia mkasa huu hufika hapa akajipiga kofi la mdomo, akasema mdomo wake huwa unatangulia kufika, yeye anafuata nyuma amebeba mizigo.

Zikaja siku chache ambazo majirani hawazisahau. Bi Masizi akawa mwanamazingira. Maji aliyofulia hayakumwagwa tena, yalikwenda kwenye mchicha. Mfuko wa plastiki ukipita mlangoni kwake mikononi mwa mtu, ulipita na mwenyewe akipewa mhadhara. Alimsimamisha muuza soda akamuuliza chupa zake huenda wapi zikishanywewa, na maskini akajibu, "Si unajua, mama? Hapo nyuma ya banda lako." Alimfokea Besi kwa kuacha taa inawaka mchana. Ndiyo, Bi Masizi yule yule ambaye maisha yake yote yalitokana na miti iliyochomwa! Usiku mwingine alijisikia mtakatifu hata akaona haya kukoroma.

Vumbi nalo alilikanda. Alitwanga chenga za mkaa, akachekecha, akapika uji mzito, akakanda kwenye beseni mpaka mikono ikawa myeusi kuliko jina lake. Madonge yalitoka mazuri, ya mviringo, yamelingana. Akayapanga juu ya bati uani.

Mvua ikanyesha. Akayaingiza ndani. Mvua ikakatika, akayatoa. Wingu likaja likakaa juu ya nyumba yake kama mgeni asiyejua kuaga. Ijumaa Besi alichukua donge moja, akalipasua.

"Dada, juu kavu, ndani uji."

"Wewe unajua gitaa."

"Nasema tu. Lime—"

"Gitaa! Nimekwambia unajua gitaa. Moto niachie mimi, nilikuwa nauza moto wewe ukinyonya."

Lakini aliyaona. Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajafika uwanjani, Bi Masizi alifanya mambo mawili ambayo hakuna aliyemtuma. La kwanza, alichukua debe la mkaa wa kweli, wa mti, akalifunika kwa kitenge na kulificha nyuma ya jukwaa. Tahadhari tu. La pili, alilitazama pazia la magunia limetundikwa, simba amekodoa macho, na hasira zikampanda upya. Akapanda kwenye kiti akafungua vifundo vya juu, akaacha viwili tu, ili wimbo wa mwisho ukiisha avute mara moja na kuondoka na mali yake, asingoje ahadi za mtu.

Tamasha likaanza saa za mchana. Tangazo lilikuwa limesema kila mtu aje na sahani yake na kikombe chake, maana hakuna cha plastiki kitakachogawiwa, na watu walikuja nazo: za bati, za udongo, mmoja na kifuniko cha sufuria. Vipaza sauti vilitumia betri zilizochajiwa kwa jua, lile jua lililomnyima Bi Masizi. Ngoma ikaanza kudundwa polepole, gitaa la Besi likaingia chini yake, vikombe vikawa vinagongwa kwenye sahani kufuata mdundo. Hata Bi Masizi, kando ya sufuria kubwa la maharage, bega lilimcheza. Akaliamrisha litulie.

Akawasha.

Madonge ya juu, yaliyokauka, yalishika vizuri. Mpishi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha moto ukashuka kwa yale ya chini.

Moshi haukutoka kwa aibu. Ulitoka mzito, mweupe, ukajikunja, ukatambaa chini, na upepo ukausukuma moja kwa moja hadi jukwaani. Mwimbaji akapotea mpaka kifuani. Umati ukalipuka kwa shangwe! Watu walipiga sahani, wakapiga miluzi. "Mambo hayo! Ongeza moshi!" Walidhani umepangwa. Mwimbaji alikohoa, na mpiga ngoma, kijana mwepesi, akakidaka kikohozi akakifanya sehemu ya wimbo.

"Bi Masizi," alisema mpishi, machozi yakimtiririka, "maharage yanakutazama."

Yalikuwa yanamtazama kweli. Maji hayakuwa na hata povu. Mbele kabisa, kwenye benchi, Mwalimu Mkuu alikuwa amevua miwani anaifuta, anaivaa, anaivua tena. Bi Masizi akaona kazi ya shule inapaa na ule moshi.

"Nakwenda haja," alimwambia mpishi.

Akazunguka nyuma ya jukwaa, akapapasa, akalipata debe. Akaliinua na kulikumbatia. Debe lilikuwa zito, ngazi ya nyuma ya jukwaa haikuonekana kwa moshi, akajikuta ameipanda, mguu ukateleza, na akaegemea kitu cha karibu asianguke. Kitu cha karibu kilikuwa pazia lililobaki na vifundo viwili.

Simba akamshukia kichwani.

Sasa fikiria uko chini ya magunia manne yaliyoshonwa pamoja, una debe kifuani, huoni kitu, na gitaa linanguruma usijue ni upande gani. Bi Masizi akaenda mbele, kwa sababu ndiyo njia pekee aliyoikumbuka. Kule uwanjani watu waliona simba wa rangi tatu anatokeza kwenye moshi, anatembea kwa miguu miwili, anakohoa. Mtoto mmoja alipiga yowe. Wengine wakasimama juu ya mabenchi. Na Besi, ambaye tangu utotoni aliujua mwendo wa dada yake kuliko wimbo wowote, hakuacha kupiga. Kila hatua ya simba aliiwekea mlio wake: dum, dum, dum-dum. Hata aliposimama, gitaa lilisimama naye.

Halafu debe likamponyoka. Mkaa ukamwagika jukwaani, vipande vyeusi, vikubwa, vya mti, vikabingirika hadi ukingoni, mbele ya miguu ya Mwalimu Mkuu. Besi akaja akamfunua gunia la usoni.

Ngoma ikakatika.

"Dada," alinong'ona, "umefungua vifundo?"

"Nyamaza," alisema. "Baadaye."

Mwimbaji, bila kujua afanye nini, akamwekea kipaza sauti mdomoni. Na ule mdomo, unaotangulia siku zote, kwa mara ya kwanza ulimngoja mwenyewe.

"Haya," alisema Bi Masizi, na sauti yake ikarudi kutoka kuta za madarasa kubwa kuliko alivyotaka. "Mnachokiona ni mkaa. Wa mti. Nilikuwa nimeuficha. Madonge yangu mabichi, niliambiwa nikabisha. Na Mwalimu, sikuwahi kuyatengeneza zamani. Nilisema vile nisione aibu pale kwenye kile kiti chako kidogo." Akatazama mkaa, simba, watu. "Basi aibu yote nimeiona leo, kwa mkupuo mmoja, tena na muziki. Mwenye njaa avumilie. Maharage bado."

Aliyeanza kucheka ni Mwalimu Mkuu. Alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. Kisha wakacheka wote, na ngoma ikarudi.

Maharage yaliivia mkaa ule ule wa kuokotwa jukwaani, yakachelewa sana. Watu wana sahani tupu mikononi, muziki unaendelea, waende wapi? Wakabaki, na kikapu cha michango kikapita tena na tena, maana mtu anayesubiri chakula haoni vizuri kujifanya hajakiona kikapu. Jiko la matofali likapatikana. Bi Masizi husema alichangia kuliko wote, kwa kutoivisha.

Lakini kazi hakupewa. "Mama," Mwalimu Mkuu alimwambia wakati wanaosha masufuria, "nataka kuona moto usioniliza. Ukiwa tayari, njoo."

Safari hii hakujitangaza. Alikanda kidogo kidogo, akaanika, akageuza, akaanika. Alikuwa akipasua donge moja kila jioni na kumpelekea Besi alikague, na Besi naye analitazama, anatikisa kichwa: bado. Mpaka jioni moja akaliinua, akaligonga kwenye ubao wa gitaa, likalia kama kigae.

"Hili ndilo, dada."

Jiko jipya liliwashwa kwa madonge yale asubuhi, na mpishi akainama kuchungulia, akainuka na macho makavu. "Mbona halina neno?" aliuliza, kama mtu aliyenyimwa ugomvi wake. Mwalimu Mkuu naye alichungulia. Alisema aletewe ya wiki nzima, kesho, kwenye magunia.

Magunia! Bi Masizi alipekua banda zima. Tupu zote zilikuwa zimeondoka na lori. Alikuwa amekaa juu ya ndoo anajitukana mwenyewe, Besi alipoingia na furushi kwapani. Alikuwa amelikata pazia kwenye mishono, vipande vinne, amevikunja vizuri.

"Deni lako, dada. Manne. Mazima, isipokuwa pale ulipojikwaa."

Akayatandaza. Mkia. Tumbo. Kifua na miguu ya mbele. La mwisho lilikuwa kichwa, manyoya yote yale ya rangi tatu, na Besi alilinyoosha kwa kiganja muda mrefu kuliko mengine, akikwepa kumtazama. Bendi haikuwa na pazia jingine.

Bi Masizi alihesabu kwa macho. Madonge ya wiki nzima yalitaka magunia manne, yakijaa mpaka mdomoni.

"Matatu yananitosha," alisema.

"Hayakutoshi."

"Nani muuzaji hapa? Hilo lina rangi nyingi litanichafulia madonge. Chukua mbuzi wako. Hatudaiani."

Kesho yake asubuhi watu wa mtaa waliona mkokoteni unaelekea shuleni, nyuma yake unaning'inia mkia wa simba. Nyuma ya mkia alifuata Bi Masizi, beseni kichwani, limejaa madonge yaliyokosa gunia, shingo imemkaza kama kigingi. Muuza soda akamuuliza huyo simba kichwa chake kiko wapi.

"Kimebaki nyumbani," alimjibu bila kugeuka, maana angegeuka yangemwagika. "Kinapiga gitaa."