Ulimi wa Bi Chokaa

Marehemu baba yake alikuwa fundi wa kupaka chokaa, na hakumwachia binti yake shamba wala nyumba. Alimwachia burashi tatu za katani, kopo la kuchotea, na ulimi. Ulimi ndio uliokuwa mizani ya kazi. Chumvi ya mawe ikishayeyuka ndani ya ndoo, kabla chokaa haijatiwa, fundi huchovya kidole akaonja. Chumvi ikipungua, chokaa itaachia ukutani kama unga. Ikizidi, ukuta utatoka jasho siku za mawingu. Kati ya kupungua na kuzidi pana nafasi nyembamba ambayo baba hakuweza kuieleza kwa maneno. Alimwonjesha tu, ndoo baada ya ndoo, mpaka siku moja binti akatikisa kichwa kabla ya baba.

Alipaka kuta za shule, mawe ya kando ya barabara, makaburi, na mashina ya miti mbele ya ofisi. Mtaa ukamwita Bi Chokaa, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kadi ya zahanati. Mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi, akaandika barua mbili, ya tatu haikuja. Hilo alilisimulia kama anavyosimulia habari za ukuta: palipasuka, pakazibwa. Kisha zikaja rangi za makopo zenye majina ya maua, na wenye kuta wakaacha kumwita. Alipofika miaka hamsini na sita alikuwa anapaka makaburi tu. Wafu, alisema, hawachagui rangi.

Aliishi na dada yake mkubwa, aliyekuwa fundi cherehani mpaka kiharusi kilipompooza upande wa kulia. Chumba chao kilikuwa cha pili katika safu ya vyumba vinne vilivyokaa chini ya paa moja refu la bati, bila dari. Aliyesimama juu ya kiti aliligusa bati kwa kiganja. Jua lilipopanda bati lilianza kulia: ta, ta-ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto. Dada, ambaye mwili ulikuwa umemnyima kazi nyingine, aliihesabu milio ile. Miaka ya nyuma mlio wa kwanza ulisikika saa nne. Mwaka ule ulisikika saa mbili na nusu, na msimu wa joto, ambao zamani ulikuwa wa miezi mitatu, ulikuwa umeumeza mwezi wa nne na kuanza kuung'ata wa tano.

Mwuguzi wa zahanati alikuja na kipimajoto, akakiweka kando ya mto, akakisoma mara mbili. Alisema mgonjwa huyu hatauawa na kiharusi, atauawa na chumba, na akashauri ahamishwe. Dada akauliza, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii, ahamishiwe wapi, kwani huko kwingine jua ni la nani.

Dawa ilitoka kwa kuku. Banda lao nyuma ya nyumba lilikuwa na bati lililotobolewa na kutu, na Bi Chokaa alikuwa na chokaa iliyobaki ya makaburi. Akaimwaga juu ya bati na kuisambaza, nia yake kuziba matundu. Siku ya tatu aliwaona kuku, ambao adhuhuri hujibanza kwenye kivuli cha ukuta midomo wazi, wameingia bandani wenyewe wakalala. Akapenyeza mkono, akaligusa bati kwa chini. Aliuacha mkono pale muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya mtu kugusa bati mchana.

Kesho yake asubuhi aliegemeza ngazi, akapaka kipande cha paa kilichokuwa juu ya chumba chao. Kwenye chokaa na chumvi alitia uji mwepesi wa unga ili ishike. Mchana dada akangoja hesabu yake. Chumba cha kwanza kililia, cha tatu kikalia, cha nne kikalia.

"Mdogo wangu," akasema, "bati letu limekufa?"

"Limelala."

Majirani walicheka. Mfua nguo wa chumba cha tatu alisema nyumba imevishwa sanda na wenyewe hawajafa. Lakini kucheka ni kazi ya asubuhi. Adhuhuri mfua nguo aliingia kumjulia hali mgonjwa, akakaa. Akaaga, akakumbuka habari nyingine, akakaa tena. Siku ya tatu alikuja na mto wake.

Mtaa ulikuwa na kikundi cha mazingira, mwenyekiti wake kinyozi. Kilikuwa kimezibua mitaro, kimepanda miti mia mbili kando ya korongo, na ile iliyopona ilikuwa imefika magotini. Vikao vilifanyika kwenye kibanda cha kinyozi, mmoja akinyolewa na wengine wakijadili. Kinyozi alisema miti ni ya wajukuu, joto ni letu sisi, na akamwomba Bi Chokaa awafundishe. Alikubali kwa sharti moja, nalo lilikuwa la baba yake: mtu hapaki paa lake. Hupaka la jirani, na jirani hupaka lake. Apakaye chake, baba alisema, hujisamehe.

Kazi ilichukua wiki tatu, kila siku kuanzia kulipopambazuka mpaka saa tatu, kabla bati halijaunguza magoti. Fundi bati mmoja akaonya kuwa chumvi hula bati. Bi Chokaa akapunguza chumvi, akaongeza uji. Mapaa arobaini na moja yakawa meupe. Waliokuwa wakishinda chini ya kuta za watu wakarudi vyumbani mwao, na mwuguzi aliporudi na kipimajoto chake alikisoma tena mara mbili, kwa sababu nyingine.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na lilikuwa kosa la mtaa ule hasa. Bomba la mtaa lilitoa maji siku mbili kwa wiki, likipenda. Kwa hiyo kila paa lilikuwa na mfereji, mfereji ulikuwa na bomba, na chini ya bomba palikuwa na pipa. Watu wale walikinga mvua tangu tone la kwanza. Kuacha tone la kwanza kwao kulikuwa sawa na kumfungia mgeni mlango. Watu hao hao walipaka chokaa na chumvi mapaa arobaini na moja, na hakuna hata mmoja, Bi Chokaa akiwemo, aliyekumbuka kuwa paa ndilo kisima chao.

Mvua ilichelewa wiki mbili, ikaja alasiri moja kwa kishindo. Mapipa yakajaa maji kama tui. Maharage yaliyopikwa kwa maji yale yalikaa motoni mpaka kuni zikaisha na bado yaligongana sufuriani. Sabuni ilikataa kutoa povu. Mfua nguo, aliyekuwa ameloweka nguo za wateja wa wiki nzima, alizianika kwenye kamba mbele ya mlango wa Bi Chokaa, na suruali nyeusi zilipokauka zilikuwa na ramani nyeupe mapajani. Hakugonga mlango. Alisimama kando ya kamba mpaka mwenyewe akatoka.

"Hii ni ya mtu anayekwenda kuhojiwa kazi kesho," alisema, akishika mguu wa suruali. "Mimi nimwambie nini, jirani? Amwambie bosi amelala kaburini?"

Kikao cha siku ile hakikuwa na mtu wa kunyolewa. Wengi walitaka mapaa yakwanguliwe kwa burashi za waya. Aliyetaka kubaki na chokaa abaki nayo, walisema, mradi asiharibu maji ya mwenzake. Kwa wenye nyumba zao hilo liliwezekana. Lakini safu ya vyumba vinne ilikuwa na paa moja, mfereji mmoja na mapipa mawili; hapakuwa na namna ya kukwangua vitatu na kuacha kimoja. Kila mtu alijua chumba cha pili kinalala nani, na kwa hiyo hakuna aliyekitaja, mpaka mfua nguo alipokitaja.

"Ugonjwa wa dada yako naujua," alimwambia Bi Chokaa mbele ya watu. "Ukiwa makaburini mimi ndiye ninayemgeuza. Lakini mikono yangu inakula kwa maji. Bila maji sina kazi."

Bi Chokaa hakubishana. Aliomba mvua mbili. Mabomba yatiwe kiwiko, kipande kilichopinda kinachogeuka, mvua ianze kuosha paa na kumwaga mtaroni, na maji yakishakuwa safi kiwiko kigeuzwe kuelekea pipani. Wakamuuliza nani atakayejua yamekuwa safi. Akasema ulimi wake umepima chumvi miaka arobaini. Kikao kikakubali mvua mbili. Baada ya hapo, waya.

Mvua iliyofuata ilimkuta na gunia kichwani na kopo la baba yake mkononi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akikinga, akionja, akitema, akisema bado, akirudi. Watu walisimama milangoni wakitazama maji yakienda mtaroni, na nyuso zao hazikuwa nzuri. Nyumba kumi za kwanza alizigeuzia kiwiko bila shaka. Kufikia ya ishirini kila kopo lilikuwa la chumvi. Kufikia ya thelathini hakuna lililokuwa na chumvi wala na kitu kingine chochote; ulimi ulikaa kinywani kama kipande cha kitambaa. Zilizobaki alizigeuzia kwa kukisia.

Kesho yake mapipa matano yalionekana mabaya, na mama mmoja alilalamika kuwa kwake maji mazuri yalimwagwa robo saa nzima. Bi Chokaa alisema mvua ilikuwa na upepo. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na haukumkaa vizuri. Jioni alipika mboga, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja, akaongeza. Dada alichukua tonge moja, akalishikilia shavuni upande ulio mzima, akalirudisha kwenye sahani.

"Leo umetupikia paa," alisema.

Bi Chokaa akakaa ukingoni mwa kitanda. Alieleza yote kwa ufupi: ulimi umekufa ganzi, haujui tamu wala chungu, na mvua ya mwisho inaweza kuja wakati wowote.

"Waambie."

"Nikiwaambia watakwangua, dada. Na wewe utarudi kuhesabu."

"Nimehesabu vingi. Mficha uchi hazai." Dada alipumzika, sentensi ndefu zilimchosha. "Baba alisemaje juu ya mtu apakaye chake?"

"Hujisamehe."

"Na chokaa hii inayoonjwa ni ya nani?"

Bi Chokaa aliiondoa sahani, akaisuuza mboga kwa maji ya moto, wakala hivyo hivyo.

Mvua ya mwisho ilianza kujikusanya siku ya nne, saa nane mchana. Bi Chokaa alikwenda kwenye kibanda cha kinyozi, ambako watu walikuwa wameanza kujikinga, akasema bila utangulizi kuwa mvua iliyopita alikisia, kwamba yale mapipa matano ni makosa yake na si ya upepo, na kwamba leo hatajaribu. Mtu mmoja nyuma akasema basi suala limekwisha, waya uletwe. Hakuna aliyemuunga mkono wala aliyempinga. Walimtazama mfua nguo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika zaidi.

Mfua nguo alikuwa akiitazama meza ya kinyozi, kopo la maji, burashi ya kunyolea, na kipande cha sabuni kilichoyeyuka upande mmoja. Akakichukua.

"Nani kasema ni lazima ulimi?" aliuliza. "Maji mabaya hayatoi povu. Hilo hata mtoto wa mfua nguo analijua. Na huyu," akamwonyesha kinyozi kwa kidevu, "hata kama mtaa haujui, povu analijua."

Kinyozi alikiri analijua. Mfua nguo akataka kukimbilia pipa lake, na Bi Chokaa akamzuia kwa kumgusa mkono.

"Si lako. La kwako una kiu nalo. Utaliona povu hata lisipokuwepo. Onja la mwenzio."

Ikawa hivyo kwa sababu mvua haikutoa nafasi ya kikao. Sabuni ikakatwa vipande kwa wembe wa kinyozi, kila nyumba kipande kimoja, na kila mtu akavuka kwenda kwa jirani. Walisugua viganjani chini ya mabomba, wakapaza sauti ng'ambo ya barabara: bado, bado, huku bado. Mfua nguo alisimama chini ya bomba la kinyozi. Bi Chokaa, kwa mara ya kwanza katika jambo lile, hakupewa kazi. Alirudi chumbani, akavua gunia, akakaa kwenye kiti.

Dada alikuwa macho, akisikiliza. Mvua ilipiga bati, na nyuma ya mlio huo ulisikika mwingine, wa maji ya bomba yakianguka kwenye matope ya mtaro. Pwa, pwa, pwa. Ulikaa hivyo muda mrefu, kiasi kwamba Bi Chokaa alianza kutazama mahali palipokuwa na burashi ya waya, nyuma ya mlango, aliyokuwa ameiazima mapema ili asije akaambiwa amekwepa.

Kisha mlio ukabadilika. Maji yaligonga kitako cha pipa tupu, mlio mkubwa na wa ndani, halafu ukaanza kuwa mdogo jinsi pipa lilivyojaa.

"Nani amekigeuza kiwiko?" dada aliuliza.

Bi Chokaa alichungulia dirishani. Mtu alikuwa amesimama pale, mabega yameloa, povu limemfika kwenye vifundo vya mikono.

"Kinyozi."

"Anakaa chini ya paa letu?"

"Hakai."

"Basi ni maji," dada akasema, akafumba macho.