Joto la Kitanda cha Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifika wodi ya watoto kabla ya saa moja asubuhi nikiwa na shahada ya chuo kikuu, viatu vipya na tabia ya kuuliza. Ilikuwa hospitali ya misheni huku Karagwe, migomba ikigusa madirisha. Kazi ilianza kwa ripoti: muuguzi wa usiku husoma hali ya kila mtoto, kitanda kwa kitanda, na wa mchana hujibu, "Nimepokea." Neno hilo lisiposemwa, mtoto bado ni wako.

Aliyesoma alikuwa Sista Koku, aliyeanza kazi miaka ya vita vya Amin.

"Kitanda cha saba, Mugisha. Joto thelathini na saba nukta tano. Hajala. Amelala kidogo."

Hakuna aliyempokea. Wenzangu walitazama sakafu.

Nilipozunguka wodi, kitanda cha saba kilikuwa kitupu, shuka limevutwa vizuri. Karatasi ya joto ilining'inia miguuni pake, imejazwa hadi asubuhi ile. Nikamwendea Muuguzi Mfawidhi, mkuu wa wodi.

"Mama, Mugisha yuko wapi?"

"Kwao Songambele. Amezikwa wiki mbili sasa."

"Na anayepimwa ni nani?"

"Bwana Digrii, umefika leo. Kunywa chai kwanza."

Alinieleza baadaye. Mugisha alikuwa na uvimbe wa taya, na kwa miezi minne Koku ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko. Alipofariki, mama yake alikabidhiwa mwili, Koku akakabidhiwa kitanda kingine. Kanuni ilikuwa muuguzi halii wodini. Asubuhi iliyofuata Koku akalisoma jina lake, na hakuna aliyeweza kumkatisha.

"Mganga Mkuu akijua, atamwachisha kazi," alisema.

Nikamjibu kwamba anayebuni joto la marehemu atabuni na la walio hai. Ijumaa ningeandika barua.

Wiki ile joto lilipanda. Thelathini na nane. Thelathini na nane nukta sita. Jumatano Koku alisoma, "Amemwita mama yake," nami nikasisimka mwili, mimi nisiyeamini mizimu. Mtu anayebuni hupenda namba nzimanzima. Hizi zilipanda kama zinavyopanda kwa mgonjwa.

Alhamisi nilichukua kipimajoto cha kitanda kile. Zebaki haishuki mpaka uikung'ute, kwa hiyo hutunza joto la aliyepimwa mwisho. Ilisimama thelathini na tisa nukta mbili. Nikaweka kiganja kwenye godoro. Lilikuwa baridi. Watoto wakinitazama, nikaanza kuwaza kipimajoto kilitoka kwapa la nani.

Koku alikuwa nje bombani, akisuuza bakuli.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba."

Nikamshika mkono. Ulikuwa unachoma.

"Hujala tangu lini?"

"Imeandikwa," alisema. "Kasome karatasi."

Hajala. Amelala kidogo. Amemwita mama yake. Kila asubuhi alikuwa ameripoti mgonjwa mbele yetu sote. Nikamwambia nimempokea, nikamrudisha ndani.

Mfawidhi alimlaza katika kitanda kilekile, magoti yamekunjwa kwa kuwa kilikuwa cha mtoto. Darubini ilionyesha malaria. Huzuni haionekani kwa darubini. Alilala siku tatu.

"Ijumaa imefika," Mfawidhi aliniambia, Koku akiwa bado kitandani. "Barua iko wapi?"

"Wino umekwisha, mama."

"Kumbe chuo kikuu wanafundisha na uongo."

Koku alipopona tulimsindikiza Songambele na mkungu wa ndizi. Mama wa Mugisha aliuliza, "Waitu, mwenzetu, siku za mwisho alikuwa anakula?" Koku akamweleza kijiko kwa kijiko, kisha wakalia pamoja. Alirudi kazini, na kitanda cha saba kikapata mtoto mwingine.

Nimefanya kazi vituo vitatu baada ya hapo, hadi upande wa Kyerwa. Kila ripoti niliimalizia kwa kuuliza hali ya wauguzi. Wakuu wengine walinicheka. Niliuliza hivyohivyo hadi nilipostaafu.

Karatasi ile ya joto niliihifadhi. Juzi niliisoma upya, nikaona siku mbili, kabla sijafika, ambazo Koku alikuwa mapumziko. Zimejazwa. Thelathini na saba nukta tisa. Hajalala. Mwandiko ni wa Mfawidhi.

Tulifanya naye kazi miaka sita. Nilimwuliza mambo mengi, isipokuwa hali yake.